Maji ya Pentekoste

Jumapili, 16 Juni

Anza na tarehe. Umeweka? Basi andika kwamba naitwa Skolastika, mjane wa mzee Castory wa Ujiji, ila sasa nakaa Katubuka kwa mwanangu Telesphory, na anayeandika ni mjukuu wangu Frida, binti yake, wa darasa la saba. Mimi kalamu sikushikishwa. Baba yangu alisema mtoto wa kike wa kulima kalamu ya nini, ikaishia hapo. Kwa hiyo nasema mimi, mkono ni wa Frida, na nimemkataza kunipamba.

Sababu ni huyo huyo Telesphory. Jana mbele ya mke wake ananiambia, mama siku hizi unasahau. Kisa ni kwamba yeye anasema tulikubaliana kumhamisha baba yake, mimi nasema hatukukubaliana. Nilikuwa na homa. Mtu mwenye homa anaitika hata akiulizwa kama yeye ni mbuzi. Sasa kuanzia leo ninayosema yanaandikwa, tuone nani anasahau.

Jambo lenyewe ni hili. Masika iliyopita ziwa lilipanda kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe. Nyumba yetu pale ufukweni Ujiji maji yakaingia mwezi wa nne, wakanibeba na godoro langu mpaka huku. Nyumba ni ya udongo, ikianguka imeanguka. Lakini Castory amelala nyuma ya ile nyumba, upande wa mchikichi, kaburi lake lina ukingo wa saruji na msalaba. Telesphory anataka afukuliwe, apelekwe Kidahwe kwenye shamba la ukoo kabla mvua hazijarudi. Anasema ziwa limeshamfikia. Mimi nasema halikumfikia. Hakuna aliyeona, wote tulikuwa huku juu tunakohoa.

Na Castory Kidahwe hakukupenda. Alikuwa anasema kule kuna muhogo mzuri lakini mtu halali, usiku hakuna kitu kinachopumua. Yeye amelala na sauti ya maji maisha yake yote. Nimtoe leo nimpeleke kwenye kimya, kwa lipi?

Mguu unauma. Tuishie hapo.

Jumatatu, 17 Juni

Upepo na vumbi. Esther, mkwe wangu, kapika maharage, yamegoma kuiva.

Jumatano, 19 Juni

Leo tumekubaliana, na Frida aandike kwa herufi kubwa kama anataka. Telesphory amekuwa akiulizauliza watu wa ufukweni. Jirani yangu Melania anasema maji yalikomea kwenye mchikichi. Wavuvi wanasema yalipita. Melania anasema hivyo kwa sababu ananipenda, wavuvi wanasema vile kwa sababu wanapenda kutisha watu. Hakuna aliyelala kule siku zile. Ila kwa jambo moja hawabishani: maji yaliacha kupanda Jumapili ya Pentekoste. Wanaikumbuka kwa sababu siku hiyo mitumbwi ilikuwa imefungwa kwenye nguzo za goli, pale uwanjani wanapocheza watoto. Kuanzia hapo yamekuwa yakishuka.

Basi tumesema hivi. Kama Pentekoste maji yalipita juu ya ukingo wa saruji, Castory anakwenda Kidahwe, na mimi nanyamaza. Kama hayakupita, anabaki, na Telesphory ananyamaza. Kwa sababu ziwa likimshindwa mwaka kama huu halimpati tena. Esther shahidi.

Frida ndiye aliyesema inaweza kujulikana. Anasema tukipima maji yanashuka kiasi gani kila wiki, tunarudi nyuma kwa hesabu mpaka Pentekoste. Nikamwambia wewe hesabu zenyewe unarudi nazo zimejaa wino mwekundu. Akacheka. Mtoto huyu kila kitu anakiweza, Kiswahili, sayansi, kuosha vyombo bila kuvunja, ila namba zenye mkia mbele zinamuua. Na mtihani wa kumaliza shule ni Septemba.

Jumamosi, 22 Juni

Tumekwenda Ujiji kwa bajaji, mimi, Frida na fundi Elia anayejenga nyumba. Telesphory alisema ana kazi.

Nilishuka nikakaa kwanza juu ya ndoo. Ukuta wa nyuma umelala chini. Jikoni kwangu kuna mchanga mpaka kwenye mafiga, na kambale mmoja amekauka palepale nilipokuwa naweka chungu, kama aliyekuja kuuliza chakula. Melania akaja na salamu zake za Kiha, mwakeye mwakeye, na kikombe cha uji, analia, nikamwambia usinililie mimi niko hai. Tukaenda nyuma. Castory yupo. Msalaba umesimama, ukingo uko mzima, mchanga umejaa kila mahali, upepo umeshafagia huwezi kujua alama ipi ya maji na ipi ya mbuzi. Maji yenyewe yako karibu, ukitema mate unayafikia.

Elia akasimika ufito mrefu ukingoni mwa ziwa, akaupigilia mpaka ukatulia. Akatoa mpira wake wa maji, ule wanaotumia mafundi kusawazisha msingi. Ncha moja akamshikisha Frida kwenye ukingo wa kaburi, nyingine akaishika mwenyewe kwenye ufito. Anasema maji yakitulia ndani ya mpira, huku na kule ni usawa mmoja. Akakata alama kwa panga: hapa ndipo ulipo ukingo wa mzee. Halafu akakata nyingine chini yake, mahali maji ya ziwa yalipokuwa yanagusa leo asubuhi kabla ya upepo. Kati ya alama na alama ni vidole sita vilivyolazwa. Vidole vyangu. Vya Elia ni ndizi.

Frida amehesabu: toka Pentekoste mpaka leo ni wiki tano, inapungua siku moja, tusibishane. Kazi iliyobaki ni kujua kila wiki yanashuka vidole vingapi.

Nimerudi nimechoka kama niliyelima.

Jumanne, 25 Juni

Frida karudi kutoka shule na wino wake mwekundu. Swali lilikuwa hasi mara hasi. Yeye kaandika jibu hasi, mwalimu anataka chanya. Nikamuuliza hasi ni nini. Anasema ni namba iliyo chini ya sifuri, kama kitu kilichopungua. Sasa hasi mbili zikizidishwa, anasema mwalimu, jibu linakuwa la juu ya sifuri. Kwa nini? Mwalimu wao, Bonfils, kijana mpole wa watu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, amewaambia wafikirie hivi: adui wa adui yako ni rafiki yako.

Hapo nilicheka mpaka mguu ukaniuma. Mwambie Bonfils aje aishi Ujiji. Mimi na Melania tuligombana miaka na yule mama aliyekuwa anamwaga maji ya sabuni yake ya mawese mlangoni kwetu. Yule mama naye aligombana na muuza kuni. Muuza kuni alikuwa rafiki yangu? Alikuwa ananipa kuni mbichi mpaka anakufa. Maadui ni maadui, wanaongezeka tu.

Nikamwambia mjukuu wangu hujakosea. Mimi nimezika watoto wawili kabla baba yako hajazaliwa. Mbaya ikija juu ya mbaya, haikupi nzuri, inakupa mbaya zaidi. Jibu lako lilikuwa sawa, ni shule tu.

Akaniuliza, nimwandikie hivyo mwalimu? Nikasema, mwandikie.

Jumamosi, 29 Juni

Vidole viwili. Maji yameshuka vidole viwili toka alama ya chini.

Jumatano, 3 Julai

Hakuna. Esther kanikataza kufagia uwanja. Eti nipumzike. Kupumzika nyumba ya mtu ni kazi, unakaa unaangalia miguu ya wanaopita.

Jumamosi, 6 Julai

Viwili tena. Tulifika mapema, kabla upepo wa kusini haujaamka, maana ukiamka mawimbi yanapiga ufito hujui maji yako wapi. Melania alituchomea samaki, mgebuka wa ziwani. Anasema watoto wake mwenyewe hawamtembelei, mimi nina bahati nina Telesphory. Nikamwambia huyo Telesphory hajakanyaga hapa hata mara moja tangu tuanze kupima. Kila Jumamosi ana kazi. Mwanamume anayetaka kumfukua baba yake hataki hata kuja kumwona alivyolala.

Jumatano, 10 Julai

Nimegombana na Telesphory. Kwa nini ameshaenda kuuliza kibali cha kuhamisha kabla hesabu haijatoka? Anasema mambo ya ofisi yanachelewa, ni vizuri kuanza. Nikamwambia una haraka na baba yako kuliko alivyokuwa na haraka na wewe, alikungoja miezi tisa yote na wiki mbili juu. Siku hizi hajibu. Alikuwa mtoto wa maneno, angekuuliza kwa nini samaki hawapigi chafya. Sasa anakula, ananawa, anaangalia mlango.

Nadhani amekuwa mgumu. Mji unafanya hivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Viwili.

(Bibi amelala kabla hajamaliza. Alisema pia kwamba maji ni mepesi kuliko watu, yanafanya kitu kilekile kila wiki. F.)

Jumatano, 17 Julai

Joto, na usiku baridi. Kohozi. Nilimwota Castory anashona wavu, nikamwita, hakugeuka. Si ndoto mbaya, ndivyo alivyokuwa akishona.

Jumamosi, 20 Julai

Viwili. Sasa ni wiki nne, na wiki zote nne ni viwili viwili, Frida anasema inatosha, tukokotoe.

Tukakaa kwenye ukingo wa kaburi, nikamwambia Castory samahani, tunakukalia kidogo. Frida kaandika. Maji yanashuka vidole viwili kwa wiki, hiyo ni hasi mbili. Tunarudi nyuma wiki tano toka siku ya ufito, hiyo ni hasi tano, kwa sababu mbele ni chanya na nyuma ni hasi. Hasi mbili mara hasi tano. Akasimama na kalamu mdomoni.

"Bibi, tuandike la mwalimu au letu?"

Nikamuuliza la mwalimu linasemaje. Anasema la mwalimu ni chanya kumi, lakini hajui kwa nini, amekariri tu. Letu ni hasi kumi, vidole kumi chini ya ile alama ya chini. Nikaangalia ufito. Chini ya alama ya chini ni mbali kabisa na ukingo wa mzee.

Nikasema andika letu.

Basi imetoka. Pentekoste maji yalikuwa chini. Hayakumgusa. Melania kapiga kigelegele kimoja, mbwa wakaitikia.

Jumapili, 21 Julai

Baada ya misa nimemwambia Telesphory mezani. Frida akamwonyesha karatasi. Aliiangalia kwa muda mrefu, mpaka nikajua atapinga, nikawa nimeshaandaa maneno. Hakupinga. Alikunja karatasi, akamrudishia mtoto.

"Sawa, mama. Abaki."

Akaendelea kula. Nilitegemea kufurahi zaidi ya hivi. Lakini nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 25 Julai

Nalala vizuri. Nimefagia uwanja, Esther kaniacha. Namfikiria Castory na sauti yake ya maji.

Jumamosi, 27 Julai

Tulikwenda tu kwa mazoea. Frida alitaka kuona kama ni viwili tena. Ni viwili. Akasema kwa furaha, bibi, leo ni kumi kamili toka alama ya chini. Akaenda kuokota makombe.

Mimi nikabaki nimekaa naangalia ufito.

Kumi chini. Hiyo namba nilikuwa ninayo. Ndiyo ile tuliyosema ya Pentekoste. Yaani Pentekoste maji yalikuwa pale yalipo leo. Nikageuka nikaangalia uwanjani. Watoto wanapiga mpira. Nguzo za goli zimesimama kwenye vumbi, mpira ukitoka nje unaukimbilia mbali kabla hujafika kwenye maji. Na Pentekoste mitumbwi ilikuwa imefungwa pale, wavuvi wote wanasema, na Melania anasema, na hakuna anayebisha.

Nikatamani nisingegeuka.

Tumerudi. Sijamwambia mtu. Frida anaandika haya sasa hivi na ameacha kalamu ananiangalia. Andika tu. Tutaongea.

Jumapili, 28 Julai

Sikwenda misa. Mguu.

Si mguu.

Jumatatu, 29 Julai

Frida alivyorudi kutoka shule nikamwambia leta mchi wa kinu. Esther alikuwa anatwanga kisamvu, akaniachia, akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikausimamisha mchi chini, nikachora mstari wa mkaa katikati. Nikamwambia huu mchi ni ufito. Mstari huu ni maji siku Elia alipokata alama. Wiki moja baadaye maji yalikuwa wapi?

Akaweka kidole chini ya mstari. Vidole viwili. Wiki mbili? Chini zaidi. Wiki tano? Akashuka mpaka kumi. Nikasema vizuri, hiyo ni juzi, tumeiona kwa macho. Wiki tano mbele, vidole kumi chini. Sasa urudi kwenye mstari. Wiki moja kabla hatujasimika ufito, maji yalikuwa wapi?

Kidole kikataka kushuka. Kikasimama. Nilimwangalia usoni, nikaona kitu kinapita, kama mtu anayesikia jina lake linaitwa mbali.

"Juu," akasema.

"Kwa nini juu?"

"Kwa sababu yanashuka, bibi. Kama yanashuka, wiki iliyopita yalikuwa juu kuliko wiki hii."

"Na tukirudi wiki nyingine?"

"Juu zaidi." Akaanza kupanda mwenyewe, mbili, nne, sita. Kwenye sita nilikuwa nimechora mstari mwingine, wa ukingo wa mzee. Hapo akaacha. Alishaona.

"Bibi."

"Endelea. Zimebaki wiki mbili."

"Bibi, basi."

"Endelea, mama. Yeye hayumo kwenye mchi."

Akapanda nane. Akapanda kumi. Vidole vinne juu ya ukingo.

Tukakaa. Esther alikuwa mlangoni na kisamvu chake kwenye ungo, sijui tangu lini. Frida ndiye aliyeanza kusema, na aliniambia mimi nimweleze ili aandike, sasa nami namrudishia maneno yake. Kwamba kushuka ni hasi, na kurudi nyuma ni hasi, na ukirudi nyuma kwenye kitu kinachoshuka, unapanda. Hakuna njia nyingine. Ukisema unashuka tena, basi kwenda mbele na kurudi nyuma vinakufikisha mahali pamoja, na mitumbwi inafungwa kwenye vumbi. Halafu akasema lingine. Kwamba alikuwa anadhani hasi maana yake mbaya. Ndiyo maana alikuwa hakubali. Kumbe hasi ni upande tu.

Nikamwambia ni mimi niliyekwambia ni mbaya.

Akasema, hata mwalimu, bibi, na wale maadui zake.

Basi, hasi si mbaya. Na chanya nayo si nzuri. Ni juu tu. Mwalimu alikuwa na jibu sahihi bila sababu, sisi tulikuwa na sababu bila jibu, na maji yalikuwa juu ya mume wangu vidole vinne, yametulia, Jumapili ya Pentekoste, wakati mimi huku nanywa uji wa kitandani na kumwomba Roho Mtakatifu anishushie homa.

Frida aliniuliza kama anaweza kuchana ile karatasi ya kwanza. Au kuacha hivyo hivyo, hakuna atakayejua. Aliuliza kwa sauti ndogo, alikuwa ananihurumia. Na nilifikiri. Siwezi kusema sikufikiri. Nilifikiri muda wa kisamvu kuiva. Lakini ninakwenda kumwambia nini Castory? Kwamba umelowa, ila hesabu zetu zinasema umekauka?

Jumanne, 30 Julai

Nimemwambia Telesphory. Nilisubiri anawe mikono kwanza. Nikamwambia hesabu yetu ilikuwa imeangalia kusikotakiwa, maji yalipita juu ya ukingo, na kama tulivyoandika, baba yako aende Kidahwe, nami nanyamaza.

Nilimtegemea apumue, mtu aliyeshinda anapumua. Akaweka taulo kwenye kiti, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mguu wangu, mtu mzima na tumbo lake.

"Najua, mama. Niliona."

Nikamuuliza aliona nini. Anasema Jumatatu, siku moja baada ya Pentekoste, alichukua bajaji akaenda Ujiji peke yake. Alishuka barabara ya juu, hakuweza kusogea zaidi, maji yalikuwa yamefika kwenye nyumba za watu. Kutoka pale akamwona baba yake. Yaani msalaba.

"Ulikuwa umesimama ndani ya maji, kama mtu anayeoga. Nikarudi. Sijaweza kwenda tena."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Anasema, ungesema naongopa kwa sababu nataka kumhamisha. Na ni kweli, ningesema. Yameandikwa humu humu, Frida anaweza kusoma nilivyomsema. Alitegemea hesabu iniambie badala yake. Halafu hesabu ikaja kinyume, na mimi nikala sahani mbili, naye akaona aache.

Kwa hiyo Jumapili ile alivyosema abaki, alikuwa anajua. Alikubali baba yake alale ndani ya maji kila masika, ili mimi nilale huku. Na mimi nikamwita mgumu, na kalamu ikaandika.

Nilimshika kichwa. Kina mvi nyuma, sikuwa nimeziona.

Jumamosi, 3 Agosti

Hatukwenda kupima. Hakuna cha kupima.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Nilikwenda kanisani kwa mguu huu huu. Melania alinipigia simu akauliza kama kweli. Nikasema kweli. Akasema lakini mimi nilikuambia mchikichi. Nikamwambia najua, na nashukuru, uliniambia vizuri.

Jumatano, 21 Agosti

Frida amerudi na daftari bila wino mwekundu. Anasema Bonfils aliwauliza darasani nani anaweza kueleza hasi mara hasi, naye akaenda ubaoni akachora ufito. Wenzake wamemtania, wanamwita Mama Ziwa. Bonfils amemwomba ruhusa atumie mfano huo kwa wa darasa la sita. Frida akamwambia ni wa bibi. Nikamwambia ungemwambia ni wa babu yako, ndiye aliyelowa.

Joto. Ndizi zimeiva zote kwa pamoja, hakuna anayeweza kuzimaliza.

Jumatano, 11 Septemba

Mtihani. Nimemfunga nywele mwenyewe. Karudi anasema hilo swali lilikuwepo, lilijificha ndani ya jingine, akaliona mkia. Sikuuliza zaidi.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo tumemhamisha.

Vijana wa ukoo walianza alfajiri. Katekista alisoma, Melania akaleta shuka jeupe alilokuwa amejiwekea mwenyewe, nikakataa, akakataa kukataliwa. Mimi niliwekwa mbali kidogo, na mgongo wa Telesphory mbele yangu. Alikaa makusudi nisione. Ulipofika wakati wa kumtoa alishuka shimoni yeye, hakumwachia mtu. Alipotoka suruali ilikuwa na udongo mbichi mpaka magotini. Ziwa liko kule mbali, miezi minne limeshuka, udongo wa juu unapukutika kama unga, lakini kule chini alikolala bado ni tope. Alikuwa analala ndani ya tope na mimi nasema anasikiliza maji.

Telesphory alinawa ziwani, akarudi, akaniambia baba yuko vizuri, mama. Nikamwambia sawa, baba.

Kidahwe tulifika kabla ya jua kuwa kali. Kaburi limechimbwa kando ya la baba yake, mahali pa mwinuko, udongo mwekundu mkavu. Walivyomaliza nikaomba waniache kidogo. Ni kimya kweli, Castory hakuongopa. Kuna migomba ya jirani, na upepo ukipita kwenye majani yale makavu inafanana kidogo na mawimbi, ukifumba macho na ukikubali kujidanganya. Nikafumba.

Nimechoka. Nimechoka vizuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza jana, leo tena. Bati linapiga kelele, Esther anakimbizana na nguo. Melania amepiga simu kwamba ufito wetu bado umesimama na maji yameacha kushuka, mwezi ujao yataanza kurudi, anauliza aung'oe apate kuni au auache. Nikasema auache.

Frida ananiuliza tunaendelea kuandika au basi. Anasema sasa hesabu itakuwa rahisi, maji yanapanda na sisi tunakwenda mbele, chanya mara chanya. Nikamwambia hiyo hata mimi naijua, haihitaji mchi.

Telesphory yuko nje anatengeneza mfereji maji yasiingie jikoni. Anazungumza peke yake kama zamani, sasa hivi amemuuliza bata kwa nini hasogei.

Basi maji yapande. Yakifika alama ya chini, yapite. Yakifika alama ya mzee, yapite, mwenyewe hayupo, yuko Kidahwe juu kule, mkavu, anasikiliza majani na kunilaumu. Funga hilo daftari, mama, ukaingize kuni, zinalowa.